Elimu na Uadilifu

Je, elimu nyingi humfanya mtu kuwa mwadilifu? Msomaji mpenzi, swali hili latuhusu sote tutafutao elimu, na jina la Gatuanyaga, karibu na Thika, laweza kutuongoza katika kulijibu.

Mswahili husema kitu na kiti. Mkikuyu husema kĩndũ, lakini kiti hukiita gĩtĩ. Sababu ni kwamba katika Kikikuyu k ya mwanzo hugeuka g, ikiwa silabi inayofuata ina sauti kama t au k. Ndiyo maana twasema Gatuanyaga wala si Katuanyaga. Kanuni hii huitwa Kanuni ya Dahl, kwa jina la mmisionari aliyeitambua katika Kinyamwezi. Aliyeipa jina hilo mwaka 1903 ni mwalimu wake, Carl Meinhof.

Meinhof alizaliwa Ujerumani mwaka 1857, akawa mchungaji wa kanisa. Mwaka 1899 alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba sauti za lugha za Kibantu hubadilika kwa utaratibu, na kwamba lugha hizo zatokana na asili moja. Mwaka 1909 alipewa kazi ya kufundisha lugha za Kiafrika huko Hamburg. Hapo aliyasikiliza maneno, nayo yakamfundisha kweli.

Lakini mwaka 1912 alitoa kitabu kingine. Humo aliwatia Wamasai katika jamii aliyoiita ya Wahami, akiamini kwamba Wahami walikuwa watu bora waliowatawala Waafrika wengine. Mwaka 1933 alijiunga na chama cha Hitler. Baadaye Mmarekani Joseph Greenberg, katika kitabu chake cha mwaka 1963, alilinganisha lugha zenyewe, bila kujali rangi wala mifugo ya watu. Kimasai kikaonekana kuwa ndugu wa Kijaluo.

Basi tumtupe Meinhof pamoja na kazi yake? Wengine watasema, ukipenda boga, penda na ua lake. Mimi naona elimu si boga. Kanuni ile haikuwa mali ya Meinhof. Ilikuwamo vinywani mwa Wakikuyu na Wanyamwezi kabla hajazaliwa. Tuipokee kweli, tuikatae dharau.

Nawe, msomaji, utakapokuwa mtaalamu, jiulize kila siku: je, nimewasikiliza watu hawa, au nimekwisha kuwahukumu kabla hawajafungua kinywa? Vyeti vyako havitakujibia swali hilo.