Herufi ya Kweli, Njia ya Bandia

Hivi kuigiza ni kudanganya? Swali hili tumezoea kuwauliza watunzi wa riwaya na watu wa jukwaani. Mimi nalipeleka kwenye kitu kikavu zaidi: poti ya siriali.

Bodi ya Arduino Uno ina chipu ndogo, ATmega328P, inayotuma herufi kwenye waya biti moja baada ya nyingine. Kwa kasi ya 9600, kila herufi huchukua biti 10, pamoja na ya kuanzia na ya kumalizia. Basi zinapita herufi 960 tu kwa sekunde. Asiye na bodi anaweza kutumia simavr, programu inayoiigiza chipu hiyo ndani ya kompyuta ya mezani. Kwenye Linux, poti yake hujitokeza kama terminali bandia. Programu ya upande wa pili huifungua, huiambia "kasi 9600", inakubaliwa, na kasi hiyo haibadilishi kitu. Waya haupo.

Mwaka 1980 mwanafalsafa John Searle alikumbusha kwamba dhoruba iliyoigizwa na kompyuta hailoweshi mtu. Kweli kabisa. Lakini herufi si mvua. A inayopita kwenye waya ni namba 65. Kwenye terminali bandia ni 65 ileile. Ujumbe umefika kweli. Kilichoigizwa ni safari.

Na safari ina mashaka yake: waya uliolegea, saa mbili zisizokubaliana, chipu iliyochelewa kusoma hadi baiti ikapotea. Mezani hayo hayapo, labda uyaweke kwa makusudi. Sasa chukua kifaa kinachotuma joto la friji ya chanjo. Fundi akisema "nimekijaribu, kinafanya kazi", muuguzi anasikia ahadi ya mpaka kwenye waya. Fundi mwenyewe ana hakika ya herufi tu.

Sisi waandishi wa habari tunaujua mtego huu. Unamhoji mtu kwa simu, unanukuu maneno yake sawasawa, halafu unaandika kana kwamba mlikuwa mmekaa naye barazani kwake. Nukuu ni ya kweli. Uongo uko njiani.

Kwa hiyo kiigizi sikilaumu, hakijaapa chochote. Anayeapa ni mtu. Fundi akisema "nimekijaribu kwenye kompyuta tu", kazi yake haipungui thamani, na muuguzi anajua kwamba kabla ya kupanga chanjo kuna waya wa kukagua.