Shule Gani kwa Mtoto Wako? Mafundisho kwa Wakatekumeni Wenye Watoto



Kila mwaka, mwezi wa 8 unapokwisha na mashule yakikaribia kufunguliwa, ulizo moja laingia katika nyumba nyingi: mtoto wetu tumpeleke wapi? Baba ahesabu franga alizopata kwa muhogo. Mama atazama nguo za watoto zilizopasuka. Shule ya misioni iko mbali, ng'ambo ya mto. Shule ya Serikali iko karibu, lakini watoto wamejaa. Pale sokoni mtu amefungua shule yake mwenyewe. Ukuta wake wapendeza, na malipo yake ni makubwa. Tena yuko jirani asemaye: «Shule ya nini? Mpeleke machimboni, jioni atakuleteeni feza.» Na binti je? Mara nyingi jina lake halitajwi kabisa katika mazungumzo hayo.

Wapendwa, ulizo hilo si la feza tu. Ni ulizo la dhamiri. Siku mtakapowaleta watoto wenu wabatizwe, Padri atawauliza mbele ya watu wote kama mko tayari kuwalea katika imani, nanyi mtajibu ndiyo. Basi tufikiri leo neno hili: wazazi huchagua shule, lakini hawawezi kumwachia mwalimu mzigo ambao Mungu ameuweka mabegani mwao wenyewe.

NANI MWENYE HAKI YA KUCHAGUA?

Mungu alipomleta mtoto duniani, hakumkabidhi kwa Serikali, wala kwa Padri, wala kwa mwalimu. Alimkabidhi kwa baba na mama. Ndiyo sababu Eklezia yafundisha kwamba wazazi ni walezi wa kwanza na wakubwa wa watoto wao. Maaskofu waliokusanyika Roma katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano walilitangaza neno hilo tarehe 28 ya mwezi wa 10, mwaka 1965, katika tangazo lao juu ya malezi ya Kikristu. Walisema tena kwamba wazazi wapewe uhuru wa kweli wa kuchagua shule.

Sheria ya nchi yetu ya Kongo yakubali vilevile. Katiba ya mwaka 2006, katika sehemu yake ya 43, yawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya malezi ya watoto wao. Yaamuru pia kwamba shule ya msingi iwe ya lazima, tena ya bure katika mashule ya watu wote. Amri hiyo ya masomo ya bure ilianza kutimizwa katika nchi nzima mwezi wa 9, mwaka 2019. Nayo yahusu hata mashule ya misioni yaliyo na mapatano na Serikali; haihusu shule ya mtu binafsi. Basi mkatekumeni asifikiri kwamba shule ya msingi ya misioni ni ya wenye mali peke yao. Lakini daftari, kalamu na nguo ya shule zingali juu ya wazazi, na baada ya shule ya msingi malipo hurudi mara nyingi. Tena, tangu mwaka ule wa 2019, watoto wengi sana walikuja, na madarasa mengi yakajaa kupita kiasi. Ni furaha na taabu pamoja.

Kwa hiyo haki mnayo. Imebaki kujua namna ya kuitumia. Maandiko Matakatifu yatuonyesha milango mitatu.

MLANGO WA KWANZA: HANA NA SAMUELI

Hana alikuwa mwanamke aliyelia kwa kukosa mtoto. Mungu alipompa Samueli, alimnyonyesha hata akaacha ziwa, kisha akampeleka Shilo, katika nyumba ya Mungu, akamwacha kwa kuhani Eli apate kufundishwa. Mzazi apelekaye mtoto katika shule ya misioni afanana na Hana. Amechagua vema, maana huko mtoto atajifunza hesabu na sala chini ya paa moja.

Lakini angalieni mambo mawili. La kwanza: Eli alikuwa na wana wawili, Hofni na Finehasi, na wote wawili walikuwa watu wabaya. Walikaa pale pale, karibu na altare. Mimi ni mwalimu wa shule ya misioni, nami nawaambieni kweli: msalaba ulio juu ya mlango wa shule haumlindi mtoto wenyewe peke yake. Hata kwetu aweza kuwako mwenzi mbaya. Hata kwetu aweza kuwako mwalimu mvivu. Kama waona jambo baya, usikae kimya kwa kumwogopa mwalimu au kwa kufikiri kwamba utamchukiza Padri. Njoo useme kwa heshima, lakini useme.

Jambo la pili: Hana hakumsahau mtoto wake. Kila mwaka alimshonea vazi dogo, akapanda nalo Shilo pamoja na mumewe. Fikirini, akina mama: ili kushona vazi la kumtosha mtoto, ni lazima kujua amekua kiasi gani. Hana alijua. Je, wewe wamjua mwalimu wa mtoto wako kwa jina? Wajua anakaa darasa gani? Hata kama hujui kusoma, waweza kufungua daftari jioni na kusema: «Mwanangu, nisomee uliyoandika leo.» Ukurasa mtupu waonekana hata na macho yasiyojua herufi.

Tena msipime shule kwa mabati na rangi ya ukuta. Kule Mpala, kando ya ziwa Tanganika, Mapadri Weupe walifika mwaka 1885. Stefano Kaoze, mwana wa nchi ya Marungu, alisoma huko Mpala, na tarehe 21 ya mwezi wa 7, mwaka 1917, akapewa upadri katika Baudouinville, pale paitwapo leo Kirungu. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kati ya wana wa Kongo katika nyakati hizi mpya. Basi ulizeni: walimu wafika kila siku? Watoto waliotoka shule hiyo wajua kusoma kweli? Waheshimu wazee wao?

MLANGO WA PILI: MUSA KATIKA NYUMBA YA FARAO

Wengine kati yenu mwaniuliza: «Mwalimu, karibu nasi hakuna shule Katolika. Iko ya Serikali, iko ya Waprotestanti, iko ya Wakimbangu. Je, nikimpeleka mtoto huko, natenda zambi? Nitakataliwa Ubatizo?»

Mjue kwanza kwamba sheria ya Eklezia ya mwaka 1917 iliwakataza Wakatoliki kupeleka watoto katika shule isiyo ya Kikatoliki, isipokuwa Askofu akiruhusu. Ndiyo maana wazee wengine wangali na hofu hiyo. Sheria ya Eklezia ya mwaka 1983 yawaambia wazazi wachague shule yenye kufundisha imani Katolika. Lakini kama hawawezi kuipata, wajitahidi watoto wapate mafundisho hayo nje ya shule. Mwaona? Mlango haukufungwa, bali kazi ya nyumbani imeongezeka.

Mtazameni Musa. Alilelewa katika nyumba ya Farao, akafundishwa elimu yote ya Wamisri. Lakini kabla ya hayo, mama yake mwenyewe alimnyonyesha. Na alipokuwa mtu mzima, alitoka akaenda kwa ndugu zake, akaona taabu yao, akajua kwamba ni watu wake. Farao hakuweza kumfundisha jambo hilo. Basi mtoto aweza kujifunza kwa Serikali kuandika na kuhesabu, bila kupoteza imani yake, kama nyumbani amefundishwa yeye ni wa nani.

Nchi yetu imekwisha kujaribiwa katika jambo hili. Mwaka 1954 serikali ya Wabelgiji ilianza kuwafungulia watoto Waafrika mashule yasiyo ya dini, na ugomvi mkubwa ukaingia kati ya watu wa misioni na watu wa Serikali. Baadaye, mwaka 1974, nchi yetu ilipoitwa Zaire, Serikali ilitwaa mashule yote ya makanisa, na mafundisho ya dini yakaondolewa katika madarasa. Yalirudishwa kwa makanisa kwa mapatano ya tarehe 26 ya mwezi wa 2, mwaka 1977. Katika miaka ile mzazi aliyezoea kusema «Mwalimu atamfundisha sala» alifanya nini? Mwalimu alikuwa amekatazwa. Ilibaki nyumba, ikabaki na kapela ya kijiji. Kumbukeni jambo hilo: shule yaweza kutwaliwa kwa amri ya siku moja, bali sala ambayo mtoto ameisikia kila jioni kinywani mwa baba yake, hakuna amri ya kuitwaa.

MLANGO WA TATU: NAZARETI

Iko pia nyumba ambamo mtoto amepitwa. Vita viliwafukuza, au baba alikufa, au feza ilikosekana. Sasa mtoto ana miaka 12 naye hajui herufi moja. Aona haya kukaa na wadogo wa darasa la kwanza. Wazazi husema: «Huyu amekwisha kupotea.» Hapana, hajapotea. Viko vituo vya ratrapaji, ambamo mtoto aliyepita umri hujifunza kwa miaka 3 masomo ambayo wengine hujifunza kwa miaka 6. Yako pia mafundisho ya watu wazima, ya kusoma na kuandika. Iko na kazi ya ufundi: useremala, kushona nguo, kujenga. Mkamwulize Padri au mkubwa wa shule mahali vilipo.

Msidharau njia hiyo. Bwana wetu Yezu Kristu alikaa Nazareti, akajifunza useremala kwa Yosefu. Lakini siku ya sabato aliingia katika sinagoga, akapewa kitabu cha nabii Isaya, akasimama akasoma. Mikono yake ilijua kazi, na macho yake yalijua kitabu. Kwa hiyo ukimpeleka mtoto kwa fundi, fanya apate kusoma pia.

Bali machimbo ya madini si shule ya ufundi. Fundi humpa mtoto kazi atakayoishi nayo hata uzeeni. Machimbo humchosha mgongo, humfundisha matusi na pombe, na siku nyingine shimo humwangukia. Sheria ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yakataza kumtumikisha kazi za namna hiyo. Vilevile angalieni mnapomtuma mtoto kwa ndugu mjini ili apate kusoma. Wengine walelewa vema. Wengine wafanywa watumishi wa kuteka maji na kuuza karanga. Fanya kama Hana: nenda ukamwone.

NA BINTI JE?

Baba mmoja atasema: «Nina uwezo wa mmoja tu, aende mvulana. Binti ni wa nyumba nyingine.» Ndugu yangu, msikilize Mtume Paulo. Alipomwandikia Timoteo, alikumbuka imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Baba ya Timoteo alikuwa Mgriki. Imani ya mwana ilipita kwa wanawake wawili. Kama Eunike angaliachwa bila mafundisho, Timoteo angalijifunza Maandiko kwa nani? Hiyo nyumba nyingine atakayokwenda binti yako itakuwa na watoto, nao watakuwa wajukuu wako. Kama feza yatosha mmoja tu mwaka huu, kaeni pamoja na mama yao, mtafute njia ya wote: shule ya karibu kwa mmoja, kazi za nyumbani kugawanywa kati ya kaka na dada. Lakini usimhukumu mtoto kwa sababu tu amezaliwa mwanamke.

MAULIZO NA MAJIBU

Ni nani walezi wa kwanza wa mtoto? — Ni baba na mama, kwa sababu Mungu mwenyewe amewakabidhi mtoto.

Mzazi aliyepeleka mtoto katika shule ya misioni, je, amekwisha kutimiza kazi yake? — Hapana. Apaswa kumfuata, kusali naye, na kumwonyesha mfano mwema nyumbani.

Kama hakuna shule Katolika, afanye nini? — Ampeleke katika shule njema iliyopo, na ampatie mafundisho ya dini nyumbani na kwenye kapela.

Mkatekumeni atakataliwa Ubatizo kwa sababu mtoto wake yuko katika shule nyingine? — Hapana. Nafasi katika shule si bei ya Ubatizo, wala Ubatizo si bei ya nafasi katika shule.

KUSUDI LA JUMA HILI

Jioni moja kabla ya Dominika, baba na mama wakae pamoja, wataje kila mtoto kwa jina, wavulana na wasichana, nao waulizane juu ya kila mmoja: huyu ajifunza wapi, na sisi twamfundisha nini? Kisha wawaite watoto wasali nao hivi:

Ee Mungu Baba, uliyemkabidhi Mwanao kwa Yosefu na Maria katika nyumba ndogo ya Nazareti, uwatazame watoto hawa uliotukabidhi. Utupe akili ya kuchagua vema, na nguvu ya kutochoka baada ya kuchagua. Uwabariki walimu wao. Utufikishe sote kwenye maji ya Ubatizo. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.