Andika Kabla Hujanena



Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka huandika kila pakiti ya sukari inayotoka kwa deni. Mfugaji anayepeleka maziwa kwenye chama cha ushirika huandikiwa kilo zake kila asubuhi. Lakini mali iliyo kubwa kuliko zote nyumbani, yaani upendo wa mume na mke, tunaiacha bila daftari. Miaka ikipita tunaulizana: tulipoteana wapi?

Leo nawasihi kila mmoja wenu awe na shajara, yaani daftari la kuandika machache juu ya kila siku. Si kazi ya wasomi tu. Ajuaye kuandika barua anaweza.

Faida ya kwanza ni kutuliza moyo. Tuseme mume amerudi usiku bila karo aliyoahidi. Mke ana maneno tayari mdomoni. Akiyatoa wakati huo, atatoa na ya mwaka juzi, na ya mama mkwe pia. Lakini kalamu huenda polepole kuliko ulimi. Mstari wa kwanza utasema, "Ananidharau." Wa tano utasema, "Naogopa mtoto atafukuzwa shuleni." Huo wa tano ndio wa kumwambia mume, naye ataweza kuusikia. Mtume Paulo aliwaasa Waefeso wasilale na hasira zao. Kuandika ni njia moja ya kumtii. Hata wataalamu wameona jambo hili. Mwaka 1986, huko Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall walitoa matokeo ya utafiti wao: wanafunzi walioandika dakika 15 kwa siku nne juu ya mambo yaliyowaumiza, pamoja na hisia zao, walikwenda kwa daktari mara chache zaidi miezi iliyofuata.

Faida ya pili ni ukweli. Mwenye hasira husema, "Hujanisaidia hata siku moja!" Daftari litamkumbusha kwamba Jumanne mwenzake aliamka usiku kumbeba mtoto mgonjwa. Tena litamwonyesha mwenyewe alivyo. Mume akiona ameandika mara nne kwa mwezi mmoja kwamba alipitia kilabuni kabla ya kufika nyumbani, atamlaumu nani? Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, aliagiza mtu atie alama kila anapoanguka katika kosa analopigana nalo, kisha alinganishe siku na siku. Anayefanya hivyo haendi kwenye Kitubio akikuna kichwa.

Faida ya tatu ni sala. Katika nchi ya Ufaransa aliishi Elisabeth Leseur, aliyeolewa mwaka 1889 na daktari Félix Leseur, mtu aliyekuwa ameiacha imani na kuidhihaki ya mkewe. Elisabeth hakufanya nyumba yake kuwa uwanja wa mabishano. Alisali, akavumilia ugonjwa wake, na mambo ya rohoni akayaandika katika shajara. Alifariki mwaka 1914. Félix alipoyasoma maandishi hayo alitambua jinsi alivyoombewa. Alirudi katika imani, akajiunga na Wadominiko, na mwaka 1923 akapewa daraja ya upadre. Elisabeth hakuandika ili asifiwe. Aliandika ili moyo wake usigeuke uchungu.

Hapa tujihadhari. Mtakatifu Paulo anatufundisha kwamba upendo hauweki hesabu ya mabaya. Basi shajara isiwe daftari la madeni ya mwenzako, la kufunguliwa siku ya ugomvi kama ushahidi mahakamani. Ukiona kurasa zako zote zinamtaja yeye tu, na wewe humo hukosi kamwe, ujue umeanza kuandika kesi. Na penye kipigo nyumbani, daftari halitoshi. Mweleze padre, wazee mnaowaamini au wakuu wa serikali, na uokoe maisha yako na ya watoto.

Jaribuni hivi kwa mwezi mmoja. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha. Watoto wakishalala, kila mmoja aandike dakika 10: jambo moja la kumshukuru Mungu, jambo moja lililomuuma, na jambo moja atakalolitenda kesho kwa ajili ya mwenzake. Pataneni kwamba hakuna atakayesoma la mwingine bila ruhusa. Hiyo si siri ya kuvunja ndoa, ni heshima. Kisha Jumapili jioni, baada ya sala ya familia, kila mmoja achague mistari michache amsomee mwenzake, akianza na ya shukrani.

Bikira Maria aliyahifadhi mambo yote na kuyatafakari moyoni mwake. Sisi tulio wepesi wa kusahau tusione haya kusaidiwa na kalamu. Mungu azibariki nyumba zenu.