BOAZI HAKUMGUSA RUTHU USIKU ULE



Hapa Kasugho kuna neno ambalo wengi wanalijua na wachache wanalisema. Binti wa miaka 15 anarudi nyumbani na viatu vipya, ao minervali yake imelipwa, na hakuna anayeuliza ni nani aliyelipa. Aliyelipa ni baba wa miaka 45, mwenye pesa za dhahabu ao za duka. Vita imefukuza jamaa nyingi mashambani mwao, na njaa ndiyo inayofungua mlango.

Tukiwaonya baba hao, wanajibu: "Boazi alikuwa mzee na Ruthu kijana." Sawa, tusome basi. Ruthu alikuwa mjane, mtu mzima, si mtoto wa shule. Usiku ule Boazi alimwacha alale miguuni pake bila kumgusa, na kulipokucha akaenda mlangoni pa mji, akasema neno lake mbele ya wazee kumi. Wewe unayemngojea binti nyuma ya shule, wazee wako kumi wako wapi?

Tuseme pia juu ya mwili. Mwanaume aliyeishi miaka mingi mara nyingi amekutana na wanawake wengi kuliko kijana. Virusi vya SIDA vinaweza kukaa ndani yake miaka mingi bila kumkondesha. Na binti asiye na pesa atamwambiaje mwenye pesa: "Twende kwanza tukapimwe damu"? Kwa jirani zetu wa Rakai, Uganda, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kati ya mabinti wa miaka 15 mpaka 19, wale ambao wanaume wao waliwazidi miaka 10 ao zaidi walikuwa na virusi karibu mara mbili kuliko wale waliozidiwa miaka michache. Tena nyonga za mtoto ni nyembamba. Uchungu wa kuzaa ukikawia bila msaada, anaweza kubaki na fistula, mkojo ukitoka bila kuzuilika.

Nasi tuungame. Tumekula mbuzi za mahari za ndoa za namna hiyo. Tumenyamaza wakati mzee aliposema ameonyeshwa mtoto wa mtu katika maono. Maono ya namna hiyo hayakutoka kwa Mungu. Hata sheria ya nchi, tangu mwaka 2006, inahesabu kulala na mtoto wa chini ya miaka 18 kuwa ubakaji, na sheria ya mwaka 2016 inakataza kumwoa.

Basi, wazazi, ulizeni viatu vimetoka wapi, lakini bila fimbo. Binti, ukitendewa jambo hilo, fika kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, upewe dawa ya kuzuia virusi. Usingoje watu wapatane kwa mbuzi. Mwenye virusi asikate tamaa: dawa ziko, naye ni wa nyumba hii. Na wewe baba mwenye pesa, mlipie mtoto wa maskini shule, usimdai kitu.

Bwana atufungue macho na kinywa. Amina.