Haki ya Kukataa Kusikika

Mwaka 1992 kundi la Kronos Quartet la Marekani lilitoa santuri iitwayo Pieces of Africa. Ndani yake umo muziki wa mtunzi wa Uganda, Justinian Tamusuza, aliyezaliwa mwaka 1951. Unaitwa Ekitundu Ekisooka, yaani "sehemu ya kwanza" kwa Kiganda. Wapigaji ni wanne: fidla mbili, viola na sello. Nyuzi hudonolewa kwa vidole, midundo hupishana, nasi twasikia zeze na ngoma za Buganda.

Wapo watakaosema huu ni wizi wa heshima: ngoma imetolewa uwanjani, ikavishwa suti, ikapelekwa ukumbini ambako watu hukaa kimya hadi mwisho. Lakini kosa haliwezi kuwa ala. Nadi Ikhwan Safaa ya Unguja iliasisiwa mwaka 1905, na katika taarabu leo hakuna aulizaye fidla ni ya nani.

Ugumu uko kwingine. Huku Tunduru, kwa Wayao na Wamakua, zipo nyimbo za jando na unyago anazofundishwa mwali, na asiyeingia kambini hapaswi kuzijua. Tuseme mtu azinase kwa mashine, kisha aziuze. Kungwi hatapungukiwa na wimbo, kwani bado anao kifuani. Atakachopoteza ni uwezo wa kuamua nani asikie na lini. Na wimbo wa siri ukishakuwa wa kila mtu haufundishi tena, unaburudisha tu.

Tamusuza hakufanya hivyo. Alichukua ufundi, yaani namna sauti moja inavyoita na nyingine kuitika, akajenga juu yake kazi iliyobeba jina lake. Sisi wafasiri twaijua tofauti hii. Sarufi ya lugha ni ya kila aliyejifunza. Barua ya siri haifasiriwi bila idhini ya mwenyewe.

Nitaambiwa kwamba makungwi wanazeeka, na kwamba tusiponasa nyimbo zao zitazikwa pamoja nao. Hoja hii ni nzito, wala sitaidharau. Ngoma ngapi zimekwisha potea bila kuacha hata mwangwi! Hata hivyo, hasara hiyo ni yao kuipima kabla haijawa yetu. Wakitaka kurekodi, na tuwasaidie. Wakitaka kuufunga mlango, tusiuvunje kwa jina la kuhifadhi utamaduni, kwa maana kufunga mlango nako ni sehemu ya utamaduni huo.

Siku hizi kila simu ya mkononi ni mashine ya kunasa sauti, na kijana asimamaye kando ya ua ana uwezo ambao zamani walikuwa nao watafiti tu. Kwa hiyo swali hili si la watunzi na wapiga fidla peke yao. Kabla ya kuuliza kama muziki ni mzuri, au kama bado ni wetu, tuulize kwanza: mwenye sauti alipata nafasi ya kukataa?