Kumwamini Shahidi Aliyekufa

Anayesoma historia ya kale kwa mapenzi yake tu, bila cheo wala chuo, hukutana mapema na swali ambalo si la wanahistoria peke yao: ni lini inajuzu kuamini habari ya mtu aliyekufa, asiyeweza kuulizwa tena? Mahakamani shahidi huhojiwa. Mwandishi wa tarikhi ya Kilwa hahojiki. Kwa sababu hiyo wako wanaomtaka msomaji wa ridhaa anyamaze na apokee, na wako wanaomruhusu aseme apendavyo, maana mambo ya kale hayana mwenyewe. Naona pande zote mbili zinakwepa wajibu. Kuamini habari ni kutoa hukumu juu ya watu, waliotajwa na walioachwa, na anayehukumu bila kupima amedhulumu, awe profesa au fundi cherehani anayesoma usiku.

Tuichukue Kilwa yenyewe. Asili ya masultani wake imetufikia kwa njia mbili. Tarikhi ya Kiarabu, tunayoijua kwa nakala iliyoandikwa Unguja mwaka 1877, inamtaja mfalme wa Shiraz na wanawe sita waliosafiri kwa majahazi saba, kila jahazi likatia nanga mahali pake. João de Barros, Mreno aliyechapisha kitabu chake mwaka 1552 bila kufika pwani hii, anataja majahazi mawili tu, yaliyotoka Hormuz. Tena anaongeza kwamba Ali, mwanzilishi wa Kilwa, alidharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi. Wengi hukimbilia kubishana juu ya majahazi, na hapo wanapoteza wakati, kwani saba ni hesabu inayopendwa na wasimulizi wa kila nchi. Mwenye uzito ni yule mama. Sisemi kutajwa kwake kunathibitisha kwamba aliishi. Mwana anayedharauliwa kisha akatawala naye ni mhusika wa kawaida katika hadithi. Nasema kwamba habari ileile ilipopita mikono miwili, mkono mmoja ulimbakiza mwanamke na mwingine ukamwacha, na tofauti hiyo inadai kuulizwa.

Katika karne iliyopita wasomi wengi waliiona hadithi ya Shiraz kuwa majivuno ya watu waliotaka kujitenga na bara. Mkataa kwao ni mtumwa, na hukumu ikaishia hapo. Hawakukosa ushahidi. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, ulionyesha misikiti iliyofuatana mahali pamoja tangu karne ya 8, katika mji wa wenyeji uliokua hatua kwa hatua. Kisha mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani, Kilwa ikiwemo. Wengi walikuwa na mababu wa Kiafrika, hasa upande wa kike, na mababu kutoka Asia, wengi wao wanaume wa Uajemi. Mchanganyiko ulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Makaburi hayo mengi ni ya watu wenye nafasi, kwa hiyo hayawasemei wakazi wote. Hata hivyo yanatosha kumzuia mtu kuwaita wazee waongo. Baba waliyemtaja alikuwepo. Kosa la tarikhi liko katika kimya chake juu ya mama, na kimya hakisahihishwi kwa kuitupa tarikhi nzima.

Nitaambiwa kwamba kuwapekua wazee namna hii ni utovu wa adabu, na katika jamii ya Kiislamu ni kuchokonoa amana. Lakini aya ya 6 ya Suratul Hujurat inaamuru habari ya mtu fasiki ichunguzwe kabla watu hawajadhuriwa kwa ujinga, na wanazuoni wa hadithi walijenga elimu nzima ya kuwapima wapokezi. Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddima mwaka 1377, alikwenda mbele zaidi: alikataa idadi ya askari zaidi ya laki sita wa Bani Israili, iliyonukuliwa na al-Masudi, kwa kupiga hesabu ya vizazi na ya uwanja wa vita. Hata aliyeona kwa macho hupimwa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na kitabu chake kinasema majengo yake ni ya mbao, ilhali magofu ya mawe ya matumbawe ya enzi hiyo yangali yamesimama. Kumheshimu hakunilazimishi kuyakana mawe.

Pingamizi zito zaidi linamhusu msomaji wa ridhaa mwenyewe: yeye hutafuta anachokitamani. Ni kweli. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, na leo hawakosekani wanaotangaza kwamba mabaharia wa Kilwa walifika huko. Pamoja nazo ziliokotwa sarafu za Kiholanzi za karne ya 17 na ya 18. Kinachojulikana ni kwamba sarafu zilifika, aliyezibeba hajulikani. Ila tamaa hiyo haiwapati wasio na shahada peke yao, kama hukumu za wasomi juu ya Shiraz zilivyoonyesha, na tiba yake ni ileile kwa wote: kusema ushahidi unafika wapi, na kukoma hapo. Anayetaka kujaribu ana pa kuanzia. Simulizi la Barros na lile la Kiarabu yamo yote mawili, kwa tafsiri, katika mkusanyiko wa hati za pwani uliotolewa na G. S. P. Freeman-Grenville mwaka 1962. Asome yote mawili kabla ya kusoma maelezo ya mtu yeyote, na kila linapotajwa jina la mwana, aulize jina la mama yake.