Ukuta Kandokando ya Dari

SOMA KWA AJILI YA SOMO LA JUMA HILI: Kumb. 22:8, Kut. 21:28–34; Mt. 4:5–7, Luka 13:1–5, Mdo 20:7–12.

FUNGU LA KUKARIRI: Kumbukumbu la Torati 22:8.

Jioni moja mtoto wa miaka mitatu, binti wa mzee wa kanisa, aliingia jikoni akiwa na kiu. Chini ya meza palikuwa na chupa ya soda. Akaifungua, akanywa mafunda mawili. Yalikuwa mafuta ya taa. Jirani alitaka kumtapisha kwa maziwa, lakini muuguzi aliyekuwa karibu akamzuia, kwa kuwa mtu akitapishwa mafuta ya taa yanaweza kuingia mapafuni na kumdhuru zaidi. Wakamkimbiza hospitali. Alilazwa siku nne, akapona.

Sabato iliyofuata yule mzee alisimama kutoa shukrani, na kanisa likaitikia, "Amina." Kisha akaongeza, "Wapendwa, kila jioni kwenye ibada ya familia tulimwomba Mungu awalinde watoto wetu. Na kila jioni chupa ile ilikuwa pale pale. Mimi ndiye niliyeiweka."

Somo la juma hili linatokana na maneno hayo. Je, tunafanya nini kabla na baada ya kusema, "Bwana, utulinde"?

Jengo Jipya, Agizo la Mapema

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Mwenye nyumba anaagizwa kufanya nini, na kwa sababu gani?

Nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari tambarare, na watu walizitumia kila siku. Rahabu alitandaza kitani darini (Yos. 2:6). Samweli alizungumza na Sauli darini (1 Sam. 9:25). Petro alipanda darini kuomba (Mdo 10:9). Kwa hiyo anayeweza kuanguka ni mtoto anayecheza, mgeni asiyeijua nyumba, hata mtu aliyepanda kusali.

Tazama wakati wa agizo hili. Linatolewa kwa anayejenga nyumba mpya, kabla mtu yeyote hajaanguka. Mungu hasubiri msiba ndipo atoe mafundisho. Tena linamgusa mtu ambaye hakumsukuma mwenzake. Kosa lake ni kwamba aliiona hatari akaiacha.

Soma Kutoka 21:28–34. Sheria ya ng'ombe na sheria ya shimo zinafananaje na ile ya dari?

Mwenye ng'ombe aliyekwisha kuonywa kwamba mnyama wake hupiga watu kwa pembe, asimfunge, ana hatia. Mwenye kuchimba shimo asilifunike hulipa hasara. Hakuna aliyekusudia mabaya. Hata hivyo, mbele za Mungu, "sikukusudia" haitoshi ikiwa ulijua. Amri ya sita inafika mpaka kwenye kifuniko cha kisima chetu.

Dari zetu za leo ni zipi? Ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi, madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na aliyelala huenda asiamke. Ni kofia ngumu inayoning'inia kwenye usukani wa bodaboda badala ya kuvaliwa kichwani. Ni chandarua kilichokunjwa, maji ya kunywa yasiyochemshwa wala kutiwa dawa, na choo kisicho na kibuyu chirizi na sabuni karibu yake.

Tusidharau sabuni. Mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza madaktari wa wodi yake ya wazazi huko Vienna kunawa mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi Aprili akina mama wapatao 18 kati ya kila 100 walikuwa wamekufa. Mwezi Juni walikufa takribani 2 kati ya 100. Wengi wa wenzake walimpinga. Ilikuwa vigumu kukubali kwamba mikono yao wenyewe, iliyokuja kusaidia, ndiyo iliyobeba mauti.

Kinara cha Hekalu

Soma Mathayo 4:5–7. Shetani alitumiaje ahadi ya Mungu, na Yesu alijibuje?

Shetani alimweka Yesu mahali pa juu akamnukulia Zaburi ya 91. Ahadi ni ya kweli, lakini kujitupa chini kwa makusudi ili malaika waonekane kazini ni kumjaribu Mungu. Wapo wanaodhani kwamba mwenye imani haba ndiye avaaye kofia ngumu au atiaye maji dawa. Yesu hakuona hivyo. Alikataa kuruka, na kumtumaini Baba kwake hakukupungua hata kidogo.

Ellen G. White, katika kitabu chake kuhusu huduma ya uponyaji kilichotoka mwaka 1905, anaweka kumtumaini Mungu katika orodha moja na hewa safi, jua, maji na pumziko. Havishindani.

Mnara wa Siloamu

Soma Luka 13:1–5. Yesu anatuonya tusiseme nini juu ya watu waliopatwa na ajali?

Watu 18 waliangukiwa na mnara, na Yesu alikataa kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Wako waangalifu ambao bado huugua, na wazazi makini waliozika watoto. Ukuta wa dari hupunguza hatari, hauiondoi. Basi somo hili tusilifanye jiwe la kumtupia aliyefiwa. Lituelekeze kwenye nyumba zetu wenyewe, tutubu, tujenge.

Yule mzee alirudi nyumbani akaweka mafuta kwenye dumu lenye alama, juu ya kabati linalofungwa. Bado huomba kila jioni.

MASWALI YA KUJADILI:

1. Eutiko alianguka kutoka dirishani ibada ikiendelea (Mdo 20:7–12). Kagueni jengo lenu la kanisa: ngazi, nyaya za umeme, choo, maji ya watoto. Ni nini mnachokijua mkakiacha?

2. Utamjibuje kwa upole muumini anayesema, "Siku yangu ikifika, imefika tu"?

3. Taja "dari" moja isiyo na ukuta nyumbani kwako. Utaijengea ukuta siku gani ya juma hili, na ni nani atakayekuuliza Sabato ijayo kama umeijenga?